Galactic Civilizations II: Dread Lords

Galactic Civilizations II: Dread Lords ni mchezo wa kompyuta wa mkakati uliotengenezwa na kampuni ya Stardock ya Marekani na kutolewa mwaka 2006. Mchezaji huongoza dola moja katika galaksi: hupeleka walowezi kwenye sayari, hufanya utafiti, biashara na diplomasia, tena hupigana vita. Mchezo huendeshwa kwa zamu na huchezwa na mtu mmoja tu. Kwa hiyo wapinzani wote huongozwa na kompyuta, na utamu wa mchezo hutegemea uwezo wao.

Dola kubwa

Miongoni mwa dola kubwa ni Drengin, wapenda vita. Altarian, wanaofanana na binadamu. Na Yor, ambao ni mashine. Kiwango cha akili ya wapinzani huchaguliwa kabla ya kuanza. Katika viwango vya kati kompyuta hufuata kanuni zilezile zinazomfunga mchezaji. Katika viwango vya juu hupewa nyongeza ya uchumi.

Silaha ni za aina tatu, na kila moja ina kinga yake: leza huzuiwa na ngao, risasi za mizinga na deraya, makombora na mitambo ya kuyatungua. Kinga isiyolingana na silaha huhesabiwa kwa kipeuo chake cha pili tu. Deraya ya 9 dhidi ya leza ni sawa na 3. Kompyuta hutazama silaha za mchezaji na kuunda vyombo vya kuzikabili, hivyo anayetegemea aina moja hushindwa upesi.

Dola inayoelekea kushindwa inaweza kujisalimisha kwa dola nyingine. Mchezaji aliyekaribia ushindi hujikuta ana adui mpya mwenye nguvu zaidi.

Dola ndogo

Dola ndogo huwa na sayari moja na hazitafuti makoloni. Hata hivyo zina teknolojia na fedha zake, nazo hukubali kufanya biashara. Mchezaji anayeivamia mapema dola ndogo hupata sayari iliyokwisha kuendelezwa. Anayeiacha hupata mshirika wa biashara, lakini dola kubwa ya jirani inaweza kuiteka kwanza. Uamuzi huo mara nyingi huathiri mizani ya nguvu katika eneo zima.