Orodha ya Ontario

Kanada husifiwa kwa matibabu ya bure, na sifa hiyo ina ukweli wake. Sheria ya Afya ya Kanada ya mwaka 1984 inayataka majimbo yalipie huduma za madaktari na hospitali zilizo za lazima kitabibu, kisha inanyamaza. Haitaji ni zipi. Kila jimbo hujiamulia lenyewe kwa kuandaa orodha ndefu ya huduma na malipo yake. Huduma ikiwamo, mgonjwa hatoi senti, isipokuwamo, ajitegemee. Wasomaji wa Tanzania waliofuatilia mvutano wa mwaka 2024 kati ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na hospitali binafsi kuhusu kitita kipya cha mafao wanajua jinsi orodha ya namna hiyo inavyoweza kuwasha moto.

Upasuaji wa kubadili jinsia unaonyesha vizuri orodha inavyofanya kazi. Katika Ontario, jimbo lenye watu wengi kuliko yote Kanada, upasuaji huo ulikuwamo, ukatolewa, ukarudishwa, na mpaka mwaka 2025 bado ulikuwa ukibishaniwa mahakamani. Hapa nazungumzia operesheni mbalimbali: kuondoa matiti, kuondoa kizazi, kutengeneza uke au uume. Wanaozihitaji ni baadhi ya watu ambao jinsia wanayojitambua nayo haiafikiani na mwili waliozaliwa nao. Si wote, maana wengine hutosheka na dawa za homoni au hawatafuti tiba yoyote. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la mwongozo wake wa magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, liliitoa hali hii kwenye fungu la maradhi ya akili na kuiweka pamoja na masuala ya afya ya ujinsia. Msomaji ana haki ya kuwa na msimamo wake juu ya maadili ya jambo hili. Swali langu ni la bima tu: nani huamua, na kwa njia gani?

Oktoba 1998, serikali ya jimbo chini ya Mike Harris, iliyoingia madarakani kwa ahadi ya kubana matumizi, iliufuta upasuaji huo kwenye orodha. Ilitosha kurekebisha kanuni. Sheria mpya haikuhitajika. Wakati huo mgonjwa alitakiwa aishi miaka 2 katika jinsia anayojitambua nayo, chini ya uangalizi wa wataalamu, kabla ya kuruhusiwa kupasuliwa. Kwa hiyo walikuwapo watu walioachwa katikati ya safari: wamebadili majina, wamejieleza kazini na kwa jamaa, wamekunywa homoni, na sasa hatua iliyobaki haina mlipaji. Baadhi yao walikwenda kwenye baraza la haki za binadamu la jimbo. Uamuzi uliokamilika mwaka 2006 uliwapa haki wale waliokuwa tayari wamefika mbali katika utaratibu huo siku ilipofungwa, bila kuiamuru serikali imlipie kila mtu. Upasuaji ulirudi kwenye orodha mwaka 2008, waziri wa afya akiwa George Smitherman.

Kurudishwa huko kuliwafaa wachache kuliko ilivyodhaniwa, na mimi naona hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kanuni iliruhusu kituo kimoja tu, CAMH cha Toronto, kuidhinisha wagonjwa. Jimbo zima, ambalo ni kubwa kuliko Tanzania, lilipita katika ofisi moja. Kufikia mwaka 2015 foleni ya kuonana na wataalamu wa kituo hicho ilikuwa na watu zaidi ya 1,000. Kwenye karatasi wote walikuwa na bima kamili. Machi 2016 serikali ilipanua njia: daktari au muuguzi mbobezi yeyote mwenye mafunzo yanayotakiwa aliweza kumpima mgonjwa na kuandika barua.

Utaratibu uliofuata ni huu. Kwa upasuaji wa kifua inatosha tathmini 1. Kwa upasuaji wa sehemu za siri zinatakiwa 2, za wataalamu wawili tofauti. Kwa operesheni za kutengeneza uke au uume, mgonjwa awe pia ametumia homoni kwa miezi 12, isipokuwa kama zinamdhuru, na ameishi miezi 12 katika jinsia anayojitambua nayo. Fomu hutumwa wizarani kuombewa kibali kabla ya operesheni. Kupasuliwa kwanza na kudai fedha baadaye hakukubaliki.

Kisha kuna yasiyomo. Kunyoosha sura, kupunguza kikoromeo na kuondoa nywele kwa leza havilipiwi, kwa hoja kwamba ni urembo. Hoja hiyo inapwaya hasa kwenye nywele. Uke hutengenezwa kwa ngozi ya sehemu za siri, na mfereji wa mkojo wa uume mpya mara nyingi kwa ngozi ya mkono. Vinyweleo visipoondolewa mapema, huendelea kuota ndani ya mwili, mahali pasipofikika kwa urahisi, na kuleta matatizo. Bima inalipia operesheni na kumwachia mgonjwa maandalizi yake. Dawa za homoni nazo mara nyingi mtu mzima hujinunulia au hutegemea bima ya mwajiri, ingawa kuzitumia ni sharti la baadhi ya operesheni! Eneo la Yukon lilichukua njia nyingine mwaka 2021 na kuingiza mengi ya hayo kwenye malipo ya umma.

Upungufu wa wapasuaji nao haumalizwi na kanuni. Kwa miaka mingi Wakanada waliohitaji upasuaji wa sehemu za siri walisafiri hadi kliniki moja ya Montréal, kisha wakarudi nyumbani na kidonda kibichi, kwa madaktari ambao hawajawahi kukiona kidonda cha namna hiyo.

Kesi ya karibuni ilihusu mtu asiyejitambua kuwa mwanamume wala mwanamke kwa ukamilifu, aliyetaka atengenezewe uke bila kuondolewa uume, kwenye kliniki ya Texas. Bima ya jimbo ilikataa, ikisema kutengeneza uke kwa kawaida huenda pamoja na kuondoa uume, hivyo operesheni iliyoombwa haimo kwenye orodha. Bodi ya rufaa ya huduma za afya ilifungua orodha na kuisoma: kutengeneza uke na kuondoa uume vimeandikwa kama huduma mbili, kila moja peke yake, na hakuna mstari unaosema ya kwanza lazima iambatane na ya pili. Mahakama ilikubaliana na bodi Aprili 2024, na Mahakama ya Rufaa ya Ontario ikafanya hivyo Aprili 2025. Majaji hawakuulizwa kama operesheni hiyo inawapendeza, wala kama wao wangeiandika hivyo. Walisoma maneno yaliyopo. Serikali ikitaka jibu jingine, inabaki na uwezo uleule iliokuwa nao mwaka 1998, wa kuyabadili.