Homoni ya Kukua (3): Kabla ya Kuuliza Dawa ya Puani

Tangu Marekani iidhinishe, mwaka 2021, sindano ya homoni ya kukua inayochomwa mara moja kwa wiki badala ya kila siku, wazazi wa watoto wafupi wanauliza: je, ya kupuliza puani haipo, mtoto asichomwe kabisa? Swali zuri. Lakini kabla ya kulijibu, naomba turudi mochwari.

Tulikwisha kuiona pituitari, tezi ya ukubwa wa punje ya njegere chini ya ubongo. Homoni ya kukua ya ng'ombe haimfai binadamu, kwa hiyo machinjio hayakusaidia kitu. Mwaka 1958, Maurice Raben wa Boston alieleza jinsi kijana wa miaka 17 alivyorefuka kwa homoni iliyokamuliwa kwenye tezi za maiti. Ikawa mbio. Tezi za maelfu ya marehemu zilikusanywa na kuchanganywa pamoja, na baadhi zilibeba ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaojificha miaka mingi kisha ukaua ubongo. Mwaka 1985 Marekani na Uingereza zilisimamisha dawa hiyo. Ufaransa imezika vijana zaidi ya 100. Madaktari wale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na haraka, na haraka ya kumtibu mtoto ambaye si mgonjwa mahututi haina udhuru. Homoni inayotengenezwa kwa bakteria iliidhinishwa mwaka huohuo wa 1985.

Sasa pua. Mwaka 1982 kundi la Roger Guillemin na lile la Wylie Vale, kila moja kivyake, yaliipata kwenye uvimbe wa kongosho homoni inayoiamuru pituitari itoe ya kukua. Ilijaribiwa puani, lakini utando wa pua hupitisha kidogo mno, hivyo dozi inabidi izidi ya sindano mara nyingi. Na pituitari ikiwa imekufa, amri haina wa kuitii. Mwaka 1995 Zvi Laron na wenzake, Israel, waliripoti kuwa watoto wafupi waliopuliziwa puani heksarelini, dawa nyingine inayoichochea pituitari itoe homoni ya kukua, walikua kwa kasi zaidi. Hata hivyo, dawa hiyo haikupata kuwa tiba ya kawaida.

Sindano au pua, mtoto hutibika kabla mifupa haijafunga, na kliniki zetu hupima uzito kuliko urefu. Msimamishe mwanao ukutani, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Weka alama, andika tarehe, rudia baada ya miezi 6, kisha mpelekee daktari vipimo vyote viwili.