Mkalimani wa kompyuta na masharti anayopewa kabla ya kazi

MSOMAJI mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili anayefundisha Kiswahili na Kompyuta, ameniuliza swali zuri. Anasema wanafunzi wake huita 'mfasiri' kila programu inayopokea maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa kazi ya mashine. Hajui awasahihishe au awaache. Fauka ya hayo, anataka kujua yale maagizo ambayo programu hizo hupewa wakati wa kuzianzisha tuyaiteje kwa Kiswahili.

Nianze na la kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi. Kiswahili tayari kina watu wawili hapa. Mfasiri huketi na matini nzima, akaisoma mwanzo hadi mwisho, kisha akatoa matini nyingine iliyokamilika ambayo inaweza kusomwa hata yeye asipokuwapo. Mkalimani naye husimama kando ya msemaji. Msemaji akitoa sentensi, yeye huitoa papo hapo. Msemaji akinyamaza, naye hunyamaza. Akiondoka, mazungumzo yamekwisha. Katika kompyuta tofauti ni hiyohiyo. Kuna programu zinazofasiri faili nzima na kuacha nyuma faili jingine lililo tayari kutendwa, na kuna zinazokalimani kauli moja baada ya nyingine. Kuziita zote 'mfasiri' ni kuutupa utajiri tulio nao.

Mkalimani ninayemfahamu vyema ni wa lugha iitwayo Scheme. Lugha hii ilibuniwa mwaka wa 1975 na Guy Steele na Gerald Jay Sussman katika taasisi ya MIT, Marekani. Ni mjukuu, au tuseme mtoto, wa Lisp, lugha ambayo John McCarthy aliianza mwaka wa 1958. Waasisi walitaka kuiita Schemer, lakini mfumo wa kompyuta waliokuwa wakiutumia haukuruhusu jina la faili kuzidi herufi sita, basi jina likakatwa mkia. Wanaolalamika kwamba istilahi za Kiswahili huzaliwa kwa ajali wajue kwamba hata wenzetu huko hali ni hiyo.

Ipo mikalimani kadhaa ya Scheme. Samahani, nasema 'mikalimani' ingawa mkalimani yumo katika ngeli ya A-WA. Chombo kinapochukua jina la mtu, ngeli nayo huyumba, na hilo ni suala la makala nyingine. Kwa sasa nitasema wakalimani. Nitamshika mmoja, MIT/GNU Scheme, ambaye nimemtumia na wanafunzi wangu wa isimu kuchanganua vitenzi vya Kiswahili. (Ana mfasiri wake pia, lakini huyo tumwache.) Ukimwita, hutoa utambulisho mrefu wa toleo na hakimiliki, kisha hukuwekea alama ya kukungoja yenye namba 1. Ukiandika (+ 2 3) hukujibu kwamba thamani ni 5. Ukimwaga, huitikia kwa Kilatini, Moriturus te saluto, yaani 'mimi ninayekwenda kufa nakusalimu'. Ati mashine nayo ina usomi wa Kirumi!

Sasa twende kwenye maagizo. Mtu aliyewahi kuajiri mkalimani wa mkutano anajua kuna mambo ambayo hupangwa kabla hajafungua kinywa. Atafanya kazi kwa saa ngapi? Atapewa hotuba mapema aisome? Atajitambulisha kwa wageni au ataingia kimyakimya? Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo katika sarufi ya Kiswahili au ya Kiingereza, ila yote huamua kama ukalimani utafaulu. Scheme hupewa mapatano ya aina hiyo katika mstari uleule wa kumwita. Mathalani:

mit-scheme --quiet --stack 4096 --load ngeli.scm

Neno la kwanza ni la kumwita. La pili linamwambia aache ule utambulisho mrefu. La tatu linampa ukubwa wa rundo, na nitalieleza punde. La mwisho linamwagiza asome faili la ngeli.scm kabla ya kuanza kutungoja. Kuna pia --heap, linalopanga ukubwa wa ghala ambamo orodha na maneno yote ya programu huhifadhiwa. Mapatano haya yanaweza kutoka mahali patatu. Kilichoandikwa kwenye mstari wa kumwita ndicho chenye nguvu zaidi. Kisipokuwapo, Scheme hutazama majina yaliyowekwa katika mazingira ya mashine, kwa mfano MITSCHEME_HEAP_SIZE kwa ukubwa wa ghala. Asipoona kitu hata huko, hutumia kile ambacho watengenezaji wake walikiamua tangu awali, yaani chaguo-msingi.

Rundo ndilo lenye utamu kwa mwanaisimu. Hebu soma sentensi hii: Mbwa alimfukuza paka aliyemla panya aliyeiba mahindi yaliyoanikwa uani. Hukupata taabu. Kila kipande ulipokifikia ulikimaliza, ukaendelea. Sasa soma hii: Panya ambaye paka ambaye mbwa alimfukuza alimla aliiba mahindi. Nadhani umerudi nyuma kuisoma tena. Hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa. Kilichotokea ni kwamba umeanza na panya, ukamweka kando akisubiri kitenzi chake, ukaja paka, naye ukamweka juu ya panya, kisha mbwa. Vitenzi vilipofika ikabidi uwashushe mmoja mmoja kuanzia wa juu, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Noam Chomsky na George Miller waliandika kuhusu sentensi za namna hii mwaka wa 1963, na miaka miwili baadaye Chomsky akaupa umaarufu mpaka ule ambao kila mwanafunzi wetu wa isimu huukariri, kati ya umilisi na utendi. Umilisi wako unaikubali ile sentensi. Utendi wako unaikataa, kwa maana kumbukumbu ina kikomo.

Scheme ana rundo kama hilo, na --stack ndiyo amri ya kulipanua au kulipunguza. Namba inayofuata huhesabu mafungu, kila fungu likiwa na 'maneno' 1024. Neno hapa si neno letu la kamusi. Ni kipimo cha kumbukumbu, na kwenye mashine za kisasa za biti 64 neno moja ni baiti 8. Kwa hiyo 4096 ni takriban megabaiti 32.

Nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili aliyeandika programu ya kuhesabu viambishi katika matini zenye maneno yapatayo 400,000. Alinijia siku moja amenuna.

"Prof, mashine imegoma."

"Imegomaje?"

"Inasema nimepita kina cha juu kabisa cha ujirudiaji. Na jana ilifanya kazi."

"Jana ulikuwa na maneno mangapi?"

"Elfu mbili hivi. Zile za majaribio."

Kumbe programu yake ilikuwa imeandikwa kwa umbo la sentensi ya panya. Ilisema: hesabu ya orodha ni moja kujumlisha hesabu ya yaliyobaki. Basi ile 'moja' ya kwanza inawekwa kando ikingoja, na ya pili juu yake, hadi 400,000 zinangoja kwa pamoja. Tiba mbili zilikuwapo. Ya kwanza ni kumpa mkalimani rundo kubwa zaidi, na --stack 4096 ilitosha. Ya pili ni kuiandika upya kwa umbo la sentensi ya mbwa: jumla inabebwa mbele kila hatua, na hakuna kinachoachwa nyuma kikisubiri. Kiwango rasmi cha Scheme kinawalazimisha wakalimani wake wote waendeshe umbo hili la pili bila rundo kukua hata kidogo, na kwangu huo ndio uzuri mkuu wa lugha hii. Nilimshauri atumie ya pili. Alitumia ya kwanza. Tarehe ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa imekaribia, nami sikuona kosa lolote mradi aseme alichofanya.

Hapo kwenye 'kusema alichofanya' ndipo mambo yalipoharibika. Mtahini wa nje, kutoka chuo kingine, alikuwa mtu makini. Badala ya kuangalia majedwali tu aliiendesha programu yenyewe. Kwanza ikakata kazi kwa kupita kina, maana hakujua habari za --stack. Akajaribu na matini fupi. Safari hii Scheme akamwambia kwamba jina 'viambishi-awali' halina thamani, kisha akampa njia tatu, kila moja na namba yake: atoe thamani ya kutumia mara hiyo tu, alipe jina hilo thamani ya kudumu, au arudi mwanzo. Alama ya kungoja nayo ikabadilika kutoka 1 hadi 2, ikiwa na neno la kuonyesha kuna hitilafu. Mtahini akaandika katika ripoti yake kwamba programu haifanyi kazi na sura ya nne nzima haina msingi.

Kwenye mashine ya kijana ilikuwa ikifanya kazi kila siku. Siri ilikuwa faili liitwalo .scheme.init, ambalo Scheme hulitafuta katika kabrasha la mwenye mashine na kulisoma kimyakimya kabla ya jambo lolote. Kwa kuwa jina lake linaanza na nukta, halionekani katika orodha ya kawaida ya mafaili. Kijana alikuwa ameweka humo orodha ya viambishi miezi mingi nyuma, kwa urahisi wake, akasahau. Mkalimani wake alikuwa anaingia mkutanoni akiwa amenong'onezwa nusu ya hotuba. Wa mtahini aliingia mikono mitupu.

Tulimtetea, na mtahini akakubali kuiendesha upya. Orodha ya viambishi ilihamishiwa ndani ya programu. Kisha nikamtaka kijana aiendeshe mbele yangu akiongeza --no-init-file, agizo linalomkataza Scheme kusoma faili lile la siri, ili tuione programu kama mgeni atakavyoiona. Ilipokubali, mstari mzima wa kumwita mkalimani pamoja na namba ya toleo lake vikaingia kwenye kiambatisho cha tasnifu. Idara zetu hudai hojaji iambatishwe, hudai barua ya idhini ya utafiti iambatishwe, hudai hata ramani ya eneo la utafiti. Sijaona idara ya lugha inayodai mstari huu mmoja, ilhali bila huo matokeo ya mwanafunzi hayawezi kurudiwa na mtu mwingine.

Turudi kwenye istilahi. Wapo wanaoyaita maagizo haya 'kanuni'. Siungi mkono. Kanuni ni za lugha, ni umilisi. Ukubwa wa rundo haubadilishi maana ya kauli yoyote ya Scheme, kama vile uchovu wa mkalimani usivyobadilisha sarufi. Wengine wanasema 'mipangilio', neno ambalo simu zetu zikiwekwa Kiswahili hulitumia. Si baya, lakini ni pana mno: rangi ya kioo ni mpangilio, sauti ya mlio ni mpangilio. Mimi napendekeza 'masharti ya utendaji'. Sharti huwekwa kabla ya kazi, linaweza kuandikwa, na upande wa pili una haki ya kuliona.

Nakiri mpaka huu una tundu. Kuna agizo moja ambalo hugusa maana yenyewe. Kiwango cha Scheme cha 1998 hakikutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina. Juma na juma lilikuwa jina moja. Kile cha 2007 kikazitenganisha. Cha 2013 nacho kikashikilia utengano huo ila kikaruhusu mwandishi aweke #!fold-case ndani ya maandishi, na kuanzia hapo majina yote husomwa kwa herufi ndogo. Kwa mchanganuzi wa Kiswahili hili si dogo, kwa sababu Juma ni mtu na juma ni siku saba. (Maneno yaliyofungwa kwa alama za kunukuu hayaguswi, ni majina tu.) Agizo hili nalihesabu upande wa sarufi. Ndiyo maana nafurahi kwamba wenye kiwango waliliweka ndani ya matini, mahali ambapo kila msomaji ataliona, badala ya kuliacha kwenye mstari wa kumwita.

Basi mwalimu, wasahihishe. Anayegeuza faili zima na kuacha jingine ni mfasiri. Anayeitikia kauli kwa kauli ni mkalimani. Na wakikuletea programu inayofanya kazi kwao lakini inakataa kwako, kabla ya kuwapunguzia alama waulize walimwitaje.