Saa janja au saa ya kawaida, ipi ina thamani ya fedha yako?

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Kigali akivuka daraja la Rusumo saa nne asubuhi, hukuta upande wa Rwanda ndiyo kwanza saa tatu. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeingia Burundi kupitia Kabanga, anayeingia Zambia kupitia Tunduma, au anayetoka Uganda kwenda Kongo kupitia Mpondwe.

Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina majira matatu. Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia zinakwenda sawa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja, na Sudan Kusini ilijiunga nazo tarehe 1 Februari 2021. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili.

Kwa mtu anayezunguka katika nchi hizi, saa janja inayojirekebisha yenyewe inaonekana kuwa jawabu. Ndivyo wauzaji wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi wanavyoweza kumweleza mteja. Lakini mteja huyo anatakiwa ajue kwanza saa hiyo inafanyaje kazi.

Saa janja nyingi hupata majira kutoka kwenye simu, na simu huyapata kwenye mnara wa mtandao. Karibu na mpaka, simu inaweza kunasa mnara wa nchi jirani hata kabla mwenyewe hajavuka, na saa ikarudi nyuma au kwenda mbele saa nzima. Anayefanya biashara kati ya Tunduma na Nakonde, miji iliyogusana, anaweza kuchelewa gari kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kuzima marekebisho ya moja kwa moja na kutia saa majira kwa mkono, kama afanyavyo mwenye saa ya kawaida.

Kwa kazi ya kuonyesha wakati, saa ya kawaida bado haijashindwa. Tangu Seiko ilipouza saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, Desemba 1969, usahihi umekuwa rahisi kupatikana. Kipande kidogo cha jiwe hilo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na hesabu hiyo ndiyo inayosukuma mshale. Casio F-91W, saa ya plastiki iliyoingia sokoni mwaka 1989, hukaa na betri moja kwa takriban miaka saba. Apple, kwa upande wake, hadi mwaka 2024 ilikuwa ikieleza kwamba saa yake ya kawaida ya Apple Watch hukaa na chaji kwa saa 18. Kijijini ambako umeme ni wa jua au wa kuvizia, tofauti hiyo si ndogo.

Hata usomaji una nafasi yake. Mzungumzaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu kunapopambazuka, na kwenye saa ya mishale husoma namba iliyo mkabala: mshale mfupi ukiwa kwenye tisa, ni saa tatu. Kwenye saa ya tarakimu hana budi kutoa au kuongeza sita kichwani.

Inapolipa

Wapo ambao saa janja inawarudishia fedha yao. Mfano mzuri ni wanariadha wa Iten, Kenya, mji ulio mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mkimbiaji anayefanya mazoezi peke yake kwenye barabara za vumbi zisizo na alama za kilomita, kwa saa ya kawaida atajua amekimbia dakika ngapi tu. Saa inayopokea mawimbi ya setilaiti humwambia pia umbali, mwendo wa kila kilomita na mapigo ya moyo. Kwa anayetafuta riziki katika mbio, hicho ni kitendea kazi kama jembe kwa mkulima.

Afya na hatari yake

Mvuto mkubwa wa saa janja sasa ni afya, na hapo ndipo penye hatari. Mapigo ya moyo hupimwa kwa mwanga wa kijani unaopita kwenye ngozi na kufuata damu inavyopita. Kwa mtu aliyetulia kipimo hicho husaidia, ila mkanda ukilegea au mkono ukitikisika sana hukosea.

Presha ni jambo jingine. Saa za Samsung zenye huduma hiyo humtaka mtumiaji azilinganishe na mashine ya kawaida ya kubana mkono kila baada ya siku 28. Maana yake ni kwamba mgonjwa bado anahitaji mashine ile ile. Saa ya bei ya chini inayotoa namba za presha bila kulinganishwa na chochote haifai kuaminiwa.

Kuhusu sukari, Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayepanga kiasi cha insulini kwa kutazama saa ya namna hiyo anaweza kuzidisha dozi na kupoteza fahamu, au hata maisha. Fedha yake ni afadhali anunue kipimo cha kutoboa kidole na vijiti vyake.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aulize kwanza kama saa inakubaliana na simu yake. Apple Watch inahitaji iPhone, na saa za Galaxy za Samsung kuanzia zile za mwaka 2021 hazikubali iPhone. Akinunua iliyotumika, aiwashe hapo hapo na kuhakikisha mwenye awali ameiondoa kwenye akaunti yake, la sivyo atabaki na bangili.

Afikirie pia matengenezo. Fundi saa wa pembeni mwa barabara, awe Bujumbura au Arusha, hubadilisha betri ya saa ya kawaida kwa dakika chache. Saa janja nyingi zimebandikwa kwa gundi, na betri ikichoka gharama ya kuibadilisha inaweza kukaribia bei ya saa.

Mwanariadha, au mtu aliyeshauriwa na daktari kufuatilia mapigo ya moyo, ana sababu ya kuingia gharama hiyo. Anayetaka kujua basi linaondoka lini anatoshwa na saa ya kawaida, mradi akumbuke kuirudisha nyuma saa moja akishavuka Rusumo.