Nyumba ntobhu: Ngao ya mjane wa Mara inayomwacha binti bila kinga

KATIKA Kiswahili cha kawaida mwanaume huoa na mwanamke huolewa. Lakini katika Mkoa wa Mara wapo wanawake wanaosema wazi kwamba wameoa, na jirani anayesikia kauli hiyo hashtuki, kwa kuwa anaijua maana yake.

Ndoa inayozungumzwa hapo ni ile inayojulikana zaidi kwa jina la Kikurya la nyumba ntobhu, maneno ambayo mara nyingi hutafsiriwa kuwa "nyumba ya wanawake". Mwanamke mtu mzima, aghalabu mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, humtolea mahari ya ng'ombe mwanamke mdogo kwa umri ili aje kuishi naye na kuiendeleza nyumba yake kwa watoto.

Wakurya wa Tarime na Serengeti ndio wanaotajwa zaidi, ingawa desturi hiyo haikuishia kwao. Mtafiti Hugo Huber, aliyechunguza pia maisha ya ndoa ya Wakwaya wa jirani na mji wa Musoma, aliziandikia ndoa za aina hiyo za Afrika Mashariki makala katika jarida la Anthropos mwishoni mwa miaka ya 1960. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, desturi kama hiyo inajulikana miongoni mwa Wanandi na Wakisii.

Walioko ndani ya ndoa hizo kwa kawaida huzieleza kuwa si za kimapenzi. Binti aliyeolewa huwa na mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanaopatikana huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mwanamke mkubwa, wakibeba jina la ukoo wa marehemu mumewe.

Kwa sababu hiyo, mjadala unaoendelea duniani kuhusu ndoa za jinsia moja umezitumia ndoa za Mara kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaozitaja kama ushahidi kwamba Afrika ilikuwa nazo tangu kale, na wapo wanaozikana wakidai hazina uhusiano wowote na suala hilo. Msomi wa Nigeria, Ifi Amadiume, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu "waume wa kike" wa Waigbo, alionesha kwamba katika jamii kama hizo mume ni cheo ambacho mwanamke pia anaweza kukishika.

Chanzo cha yote ni mali. Katika mila za Wakurya, kila mke ana nyumba yake na ng'ombe wanaohesabiwa kuwa wa nyumba hiyo, nao hurithiwa na watoto wake wa kiume. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume huonekana imefungwa, na mali yake huweza kuchukuliwa na mashemeji au watoto wa wake wenza. Mjane mwenyewe huweza kutakiwa arithiwe na ndugu wa marehemu.

Sheria nayo haikumsaidia sana. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoorodhesha kanuni za mila za urithi, lilimweka binti katika daraja la mwisho la warithi na kumnyima mjane fungu, likisema atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili wa Shinyanga walioachwa bila urithi kutokana na kanuni hizo.

Kwa mwanamke aliyebanwa hivyo, nyumba ntobhu ni njia ya kubaki katika shamba lake bila kurithiwa kama kiti. Inampa msaidizi wa kulima, mtu wa kulala naye nyumba moja usiku, na wajukuu wa kumzika. Wapo pia mabinti wanaoieleza ndoa hiyo kuwa afadhali kuliko kuolewa na mwanaume, wakisema wanaepuka kipigo na wana uhuru wa kuchagua mwenza.

Hata hivyo, ngao hiyo ina upande wa pili. Mahari hulipwa kwa wazazi wa binti, na pale anapokuwa bado mtoto, anayeamua ni baba yake. Jukwaa la Utu wa Mtoto (CDF) ni miongoni mwa mashirika yaliyoonya kwamba desturi hiyo imetumika kuwaoza wasichana wadogo, ambao hupangiwa hata mwanaume wa kuzaa naye. Mwanaume huyo, kwa mila, hawajibiki kuwatunza watoto.

Binti huyo anapoteswa au kufukuzwa, hana pa kusimamia kama mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke, hivyo hawezi kudai mgawanyo wa mali kwa msingi wa ndoa. Kenya imekuwa na mwelekeo tofauti: mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila za Kinandi kuwa na haki katika mirathi ya marehemu.

Suala la umri linaungana na ukeketaji, kwa kuwa msichana aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kwa ndoa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara walikuwa wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 28, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai yenye kifungo cha kati ya miaka 5 na 15.

Hapo ndipo ilipozaliwa nyumba ya wanawake ya aina nyingine. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, linaendesha nyumba salama mbili, moja Mugumu wilayani Serengeti na nyingine Kiabakari wilayani Butiama. Wasichana hukimbilia humo hasa mwezi Desemba, shule zinapofungwa na msimu wa kukeketa kuanza. Hupewa malazi na masomo, huku shirika, polisi na ustawi wa jamii wakizungumza na wazazi kabla ya kuwarudisha nyumbani.

Butiama ina historia yake katika jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko na mke wa tano kati ya wake 22 wa Chifu Burito, aliandika mwaka 1944 akiwa mwanafunzi wa Makerere insha kuhusu uhuru wa wanawake, akitumia hali ya wanawake wa kabila lake kama mfano. Insha hiyo ilichapishwa mwaka 2009.

Sheria zimesogea tangu wakati huo. Sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizopiganiwa na mashirika ya wanawake, zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi na kubatilisha mila inayomnyima. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilibatilisha vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019.

Kwa mjane wa Bunda au Butiama, sheria hizo huwa na maana pale hati ya kimila ya shamba inapoandikwa jina lake na wosia unapoheshimiwa na ukoo. Akiwa na hakika kwamba shamba ni lake na binti zake watalirithi, hatahitaji ng'ombe wa kumtolea mahari mtoto wa jirani ili asinyang'anywe.