Maji yanang'aa, perege wamekufa: jinsi ya kupima maji ya samaki na mboga nyumbani

Wadau, tuanze na msiba. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua maji na Dar ikaingia kwenye mgao. Mliokuwepo mnakumbuka, madumu ya njano kila kona, boza likiingia mtaani watu wanalikimbilia kama daladala ya mwisho. Mimi huku Tegeta nilikuwa na tenki la lita 1,000, perege 40 ndani yake, na juu yake kitanda cha kokoto chenye mchicha. Bomba lilikuwa kavu kwa siku nyingi. Katikati ya Novemba maji ya tenki yameshuka karibu theluthi, nikapata boza, nikajaza jioni, nikalala usingizi mzuri tu. Asubuhi perege 27 wanaelea matumbo juu.

Nilichofanya kwanza ni kumlaani mwenye boza. Lakini maji yake tuliyachemsha tukanywa, tukapikia, hakuna aliyeumwa hata tumbo. Yalikuwa masafi kweli. Na maji ya tenki langu nayo yalikuwa yanang'aa, unaona hadi chini. Ilinichukua wiki nzima na kifaa cha kuazima kuelewa kwamba muuaji alikuwa ndani ya tenki tangu zamani. Maji masafi ya boza yalimwamsha tu.

Kwa wasioujua mtambo wenyewe, unaitwa akuaponiki. Samaki wanakula, wanatoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Kwenye kokoto wanaishi bakteria ambao wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mchicha unaipenda kama mbolea. Pampu inapandisha maji kwenye kokoto, yanachujwa, yanarudi kwa samaki. Hutupi maji, unaongezea tu yaliyokauka. Kwa mji kama huu wa mgao ni dili. Halafu mboga unajua zimekulia wapi. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga za kandokando ya mto Sinza na Msimbazi, wakieleza metali nzito kama risasi na kadmiamu walizozikuta. Mimi nilipolisikia hilo ndipo nilipotafuta tenki.

Sasa turudi kwa marehemu. Mimi nilikuwa napima pH peke yake, kwa vimatone vya watu wa mabwawa ya kuogelea. Wiki ile ilisoma 6.2, nikaona poa. Kumbe hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Bakteria wanapofanya kazi wanazalisha asidi, kwa hiyo pH ya tenki inashuka yenyewe kila siku. Kawaida maji ya bomba niliyokuwa nikiongeza yalikuwa yanaipandisha kidogo bila mimi kujua. Bomba lilipokauka hakukuwa na cha kuipandisha. Na pH ikishuka kuelekea 6 bakteria wanazubaa, karibu wanagoma. Samaki wanaendelea kula, amonia inazidi kujikusanya, na mimi nasoma 6.2 nafurahi.

Lakini kwa nini samaki hawakufa wakati huo? Hapa ndipo penye siri, soma taratibu. Amonia kwenye maji iko ya aina mbili, ya sumu kali na ya upole, na zinabadilishana kufuatana na pH na joto. Maji ya nyuzi 30, ambayo ndiyo hali yetu ya kawaida Dar, yakiwa na pH 7, sehemu ya sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 7 na nusu. Kwenye 8.5 ni asilimia 20. Vifaa vya kupimia vinasoma zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo namba ya amonia bila pH haikuambii chochote.

Baada ya msiba nilipima. Amonia ilikuwa miligramu 8 kwa lita, kijani cha mwisho kabisa kwenye kadi, na hiyo ni baada ya kuchanganywa na maji ya boza. pH 8.2. Piga hesabu: kwa pH hiyo na joto hilo, kama asilimia 11 ni ya sumu kali, yaani miligramu 0.9 hivi. Sato na perege ni wagumu, lakini wakifika karibu na miligramu 1 wanaanza kuondoka. Amonia hiyohiyo kwenye pH 6.2 isingefika hata miligramu 0.02 ya sumu kali. Boza lilileta maji ya kisima yenye chokaa nyingi, pH ikaruka alama mbili usiku mmoja, na amonia ya upole ikageuka sumu.

Somo la kwanza basi: pima mbili kwa pamoja, amonia na pH, kabla ya kuongeza maji yoyote. Kama amonia iko juu, usipandishe pH kwanza. Acha kulisha siku mbili tatu, ongeza hewa, badilisha maji kidogokidogo, robo ya tenki isizidiwe kwa siku, kwa maji ambayo pH yake haipishani sana na ya tenki.

FAO walitoa kitabu mwaka 2014 kuhusu mitambo midogo ya aina hii, na namba zake ndizo ninazozifuata: pH 6 hadi 7, amonia chini ya miligramu 1 kwa lita, nitriti nayo chini ya 1, nitrati kati ya 5 na 150, oksijeni zaidi ya 5. Mimi naishikilia pH 6.5 hadi 7, ikigusa 6.4 tu naingilia kati. Kuingilia kwenyewe si jambo kubwa, ni mfuko wa neti wenye maganda ya mayai yaliyopondwa au makombe ya baharini, unauning'iniza pale maji yanapoangukia. Yanayeyuka polepole, pH inapanda polepole. Ukiona imetosha, toa mfuko. Magadi ya kupikia maharage achana nayo, yanapandisha haraka na sodiamu yake inaunguza mboga.

Kuna watu wana tatizo la kinyume. Mshikaji wangu wa Mbagala pH yake haishuki chini ya 7.8 hata afanyeje, na mchicha wake unatoka wa njano, mishipa tu ndiyo kijani. Hiyo njano ni ukosefu wa chuma: chuma kipo lakini kwenye pH ya juu mmea hauwezi kukichukua. Mchawi wake ni kokoto. Alinunua za Kunduchi, nyeupe, za bei nafuu. Miamba ya Kunduchi na Wazo ni matumbawe ya kale, chokaa tupu, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko pale. Kabla hujanunua, beba siki kwenye kichupa, dondoshea kwenye kokoto mbili tatu. Zikitoa mapovu, jengea ukuta. Zisizotoa mapovu, kama zile ngumu za Lugoba, ndizo za mtambo.

Kuhusu maji ya kuongezea. Ya bomba yana klorini, ambayo inaunguza matamvua na kuua bakteria wako. Yaache kwenye pipa la wazi siku mbili, ukiweza yapulizie hewa, inaondoka. Maji uliyoyatia WaterGuard kwa ajili ya kunywa ni klorini vilevile, usiwape samaki. Ya mvua ni laini mno, hayana chokaa ya kuzuia pH isiporomoke, kwa hiyo changanya na mengine, na mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati imwage. Ya kisima ndiyo kamari. Kuna ya baridi na ya chumvi, na ukiwa karibu na bahari chumvi inaongezeka kadiri watu wanavyovuta. Perege wanavumilia chumvi kiasi, lakini maji yanakauka na chumvi inabaki, kila ukijaza unaongeza nyingine, mwisho mboga ndizo zinalia. Ya boza huwezi kujua yametoka wapi, na hata dereva anaweza kukupa jibu la kukuridhisha tu. Siku hizi naweka ndoo moja pembeni na perege wawili wadogo, nalala, nikikuta wako hai ndio namimina, na kabla ya hapo nimeshapima pH.

Vifaa vyenyewe. Vya matone ni bora kuliko karatasi za kuchovya, maana karatasi zikipata unyevu wa Dar zinadanganya. Ulizia maduka ya samaki wa mapambo. Angalia tarehe ya kuisha, na usivihifadhi juu ya bati la banda. Kwenye kile cha nitrati, chupa ya pili itikise kwa nguvu nusu dakika nzima, kisha kichupa chenye maji dakika nzima. Watu wengi wanaruka hapo, wanasoma sifuri, wanadhani mtambo haufanyi kazi. Soma rangi nje kwenye mwanga wa mchana, taa ya njano itakupoteza.

Mtambo mpya pima kila siku mbili. Utaona amonia inapanda, inashuka, nitriti inapanda, nayo inashuka, ndipo nitrati inaonekana. Wiki tatu hadi tano, mara nyingine zaidi. Usijaze samaki kabla ya hapo, najua kishawishi kikoje. Nitriti ikipanda na samaki wapo, matamvua yanakuwa ya kahawia kama chokoleti kwa sababu damu haibebi oksijeni. Chumvi ya kawaida inasaidia, gramu 1 kwa lita, maana yake kilo moja kwa tenki la lita 1,000, iyeyushe kwanza kwenye ndoo. Ni dawa ya dharura, usirudierudie, mboga zipo.

Oksijeni sina kifaa cha kuipima, natumia macho. Maji ya moto hayashiki hewa, kwa nyuzi 30 mwisho wake ni kama miligramu 7 na nusu hata ukipuliza vipi. Ukikuta perege wanahema juu ya maji alfajiri, hewa imeisha. Na umeme ukikatika ndiyo hivyohivyo. Kwenye mgao wa mwisho wa 2023 niliona watu wenye pampu nzuri wakipoteza tenki zima kwa saa chache, kwa kuwa walijaza samaki hadi wakawa kama dagaa kwenye kopo. Mimi nimeweka pampu ndogo ya hewa kwenye betri ya pikipiki, inajiwasha umeme ukienda. Na perege sasa ni 25 tu kwenye lita zilezile 1,000.