Mzee Aulizwe Anaweza Nini

Mzee akifika hospitali huulizwa, "Unaumwa wapi?" Hupimwa presha, hupewa vidonge, akarudi zake nyumbani. Mara nyingi haulizwi kama asubuhi ile aliweza kuoga mwenyewe. Sisi twaona kwamba swali hilo lina uzito wake, na haifai kulisahau.

Jambo hili si geni. Mwaka 1963 Dakta Sidney Katz na wenzake wa Cleveland, Marekani, walitangaza kipimo cha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakatangaza kipimo cha kazi nyingine, kama kupika, kwenda dukani, kutunza fedha na kumeza dawa kwa utaratibu. Vipimo hivi havihitaji mtambo. Vyahitaji swali na sikio. Kipo pia kipimo cha miguu: mzee huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yafaa ahesabiwe kuwa katika hatari ya kuanguka.

Mzee aliyeoga mwenyewe mwezi jana na leo hawezi, yamkini ana maradhi yaliyojificha: nimonia isiyo na homa, dawa zisizopatana, au huzuni. Lakini wazee wengi hunyamaza kwa haya, na sisi jamaa zao twasema, "Ni uzee tu." Kwa neno hilo ugonjwa unaotibika huachwa mpaka mama avunjike nyonga, na binti yake aache kazi amwuguze.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na hospitali zetu nyingi zina dirisha la wazee. Hilo ni jema. Lakini kupita foleni upesi si kutibiwa vema.

Twajua kwamba madaktari wana kazi nyingi. Basi muuguzi apimaye presha na aulize, aandike, na safari ijayo alinganishe. Nasi wafanyakazi tunaowasindikiza wazazi wetu tuseme tuliyoyaona nyumbani, ila tusimjibie mzee maadamu ana kauli yake. Waliotulea walijua siku ile tulipoanza kusimama dede. Ni wajibu wetu kujua siku wanapoanza kushindwa kuinuka.